Pikapu bado mpya, matairi yamekwisha

SWALI

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu kutoka Dodoma. Mimi ni mama ninayefanya biashara ya alizeti. Kuanzia mwezi wa tano hununua mbegu kwa wakulima wa Chemba na Kondoa, nikazileta mjini kwa wenye mashine za kukamua mafuta. Machi 2022 nilinunua pikapu mpya ya dabo kebini, nikiamini kwamba kwa miaka ya mwanzo gharama zangu zitakuwa mafuta na sevisi tu, maana ile niliyokuwa nayo kabla yake, ya kebini moja na iliyokwisha kutumika nilipoinunua, haikuwahi kunisumbua kwa matairi.

Leo, miaka mitatu baadaye, gari limetembea kilomita 38,000 na matairi yake ya kiwandani, ya saizi 265/65R17, yamekwisha. Mawili ya nyuma yamelika kwenye mabega yote mawili ilhali katikati kashata, yaani vipande vya mpira vinavyoshika barabara, bado zipo. Ya mbele yamelika upande wa ndani tu, na hilo sikulijua mpaka gari lilipopandishwa jeki. Zaidi ya kulika, yote manne yana nyufa: nyingi nyembamba ubavuni, karibu na rimu, na nyingine chini kabisa ya mifereji iliyo kati ya kashata na kashata. Tairi la nyuma kushoto lina ufa unaopokea ukucha wangu. Tairi la akiba, ambalo limefungwa chini ya bodi na halijawahi kutumika, halina ufa hata mmoja.

Kwa kawaida napakia magunia 15, kila moja kilo 65 hivi, na ndani tunakaa mimi, dereva na kijana wa kupakia. Fundi wa matairi wa jirani alitushauri tuweke upepo wa pauni 28 kote ili gari lisirukeruke kwenye barabara za vumbi, na ndivyo tulivyofanya tangu mwaka wa kwanza. Gari hushinda nje ya ghala, juani. Vijana wanaoliosha hupaka matairi dawa ya kung'arisha, na wakiishiwa hupaka dizeli.

Nilikwenda kwa aliyeniuzia, akanijibu kwamba dhamana ya gari haihusu matairi. Kaka yangu anasema nimeuziwa matairi feki, na ananihimiza ninunue yaliyotumika kwa kuwa bei yake ni nafuu. Ubavuni nimekuta tarakimu 3820. Naambiwa ni tarehe, lakini sijui namna ya kuisoma. Je, kosa ni la kiwanda, la barabara au letu wenyewe? Ninaweza kudai? Na haya niliyo nayo yatanifikisha mwisho wa msimu?

Mama wa alizeti, Dodoma

JIBU

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Tairi la nyuma kushoto litolewe leo, kabla gunia jingine halijapakiwa, na la akiba lichukue nafasi yake. Ufa unaopokea ukucha umekwisha kuvuka ngozi ya nje ya mpira na unaelekea kwenye nyuzi zinazobeba tairi zima. Maji na vumbi vikifika huko, mpira huanza kuachana na nyuzi, na tairi la namna hiyo halitoi taarifa mapema, bali hupasuka likiwa limepata moto, gari likiwa na mzigo na mwendo. Matatu yaliyobaki yanaweza kukusogeza mjini bila mzigo kwa siku chache za kutafuta mapya, kwa sharti kwamba hayana kivimbe, hayaonyeshi uzi wala waya, na kashata hazijashuka hadi kwenye alama za ukomo, yaani vile vinundu vyenye kimo cha milimita 1.6 vilivyolala ndani ya mifereji. Alama hizo zitazame pale palipolika zaidi, si katikati penye kashata za kukuridhisha. Kwa maelezo yako, naamini ya mbele yamekwisha kufika kikomo kwa upande wa ndani. Msimu hayatamaliza.

Sasa nije kwenye chanzo. Jambo la kwanza ambalo ningemwomba kila mwenye pikapu alifanye kabla ya kumlaumu mtu ni kutazama tairi limelika wapi na limepasuka wapi, kwa kuwa mahali penyewe hutaja sababu. Matairi yako ya nyuma yamelika mabega yote mawili na kubakiza katikati. Hiyo ni dalili ya upepo mdogo kuliko mzigo, na hesabu yako inaithibitisha: magunia 15 ya kilo 65 ni kilo 975, na ukiongeza watu watatu mnavuka kilo 1,150. Dabo kebini nyingi hubeba tani moja au pungufu ya hapo, na katika uzito huo dereva na abiria nao huhesabiwa. Tairi la saizi yako mara nyingi huandikwa 112 baada ya saizi, namba inayomaanisha kwamba tairi moja lina uwezo wa kubeba kilo 1,120, lakini uwezo huo ni wa tairi lililojazwa upepo uliopangwa kwa mzigo kamili. Upepo ukipungua, uwezo nao hupungua. Likiwa na pauni 28 chini ya shehena yako, tairi hubonyea, katikati pakainuka na mabega yakabeba kazi yote, huku ubavu ukijikunja karibu na rimu katika kila mzunguko. Ndipo hapo hasa ulipoziona nyufa nyembamba nyingi. Nyufa za mahali pengine ningeweza kuziita za jua na umri, lakini hizi za karibu na rimu nazihesabu kuwa za kujikunja kupita kiasi.

Ushauri wa fundi wako hauna nia mbaya, na wako mafundi wengi wanaoutoa. Kupunguza upepo kunasaidia kwenye mchanga na kwenye barabara mbovu, kwa mwendo mdogo, na hasa gari likiwa tupu, mradi upepo urudishwe kabla ya kushika kasi. Lakini ninyi mkitoka vijijini mnaingia kwenye lami ya Kondoa hadi Dodoma na shehena mgongoni, mchana wa jua, kwa mwendo wa lami, huku upepo ukiwa uleule wa kwenye vumbi. Upepo mdogo, mzigo mkubwa, mwendo na joto vikikutana, tairi huiva kwa ndani.

Mkutano huo umewahi kuua watu wengi. Agosti 2000, nchini Marekani, kampuni ya Firestone iliwaita wateja warudishe matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka gari likiwa barabarani. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na matairi hayo. Uchunguzi ulikuta kasoro katika matairi yenyewe, hasa yaliyotoka kiwanda cha Decatur katika jimbo la Illinois, lakini pia ulihusu upepo: Ford ilikuwa imependekeza pauni 26, wakati Firestone ilitaka 30, na matukio mengi yalitokea katika majimbo yenye joto. Msiba huo ndio uliozaa sheria iliyofanya magari mapya ya nchi hiyo yalazimike kuwa na taa ya kuonya upepo ukipungua. Kama pikapu yako inayo taa hiyo, itumie kugundua pancha, lakini usiitegemee kwa habari za mzigo. Kanuni ya Marekani huitaka iwake upepo ukishuka kwa robo nzima chini ya kiwango kilichopangwa, kwa hiyo pauni 28 zinaweza zisiiamshe kabisa, nayo haina namna ya kujua umepakia magunia mangapi.

Matairi ya mbele yana kisa chake. Kulika upande wa ndani pekee ni dalili ya magurudumu yasiyokaa sawa, na alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, ndiyo inayotazamwa. Unaweza kupima mwenyewe kabla ya kwenda gereji: weka kiganja juu ya kashata, ukivute kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kikiteleza upande mmoja na kukwaruzwa upande wa pili, kama mtu anayepapasa msumeno, basi magurudumu yamefungua au yamefunga pua zake, na tairi linaburutwa kidogo kidogo kila linapozunguka. Kwa gari lako kuna sababu mbili zinazoweza kuleta hali hiyo. Ya kwanza ni barabara za vumbi zenye makorongo, ambazo huchosha bushi, boljointi na tairodi, yaani viungo vinavyoshika magurudumu. Ya pili ni mzigo wenyewe, kwa maana nyuma ikididimia, mbele huinuka na mkao wa magurudumu ukabadilika. Kwa hiyo usikubali kufanyiwa alaimenti kabla ya vifaa hivyo kukaguliwa gari likiwa juu, kwani alaimenti iliyofanywa juu ya bushi zilizokufa hudumu mpaka shimo la kwanza. Ukimaliza, dai karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Gereji yenye mashine ya kweli huichapa bila kuombwa mara mbili.

Tarehe sasa. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 3820 ni wiki ya 38 ya mwaka 2020, yaani Septemba. Uliponunua gari Machi 2022, matairi yalikuwa na mwaka mmoja na nusu, na leo yanakaribia miaka mitano. Gari lilikuwa jipya, lakini mpira ulikwisha anza safari yake zamani, na yumkini sehemu kubwa ya muda huo uliupitisha bandarini na uwanjani ukiwa umesimama palepale. Kusimama huko kuna madhara ambayo wengi hawayajui. Mpira wa tairi huchanganywa na nta na dawa za kuukinga na hewa ya ozoni, gesi inayovunja viungo vya mpira hasa pale ulipovutika. Kinga hizo hupanda juu kutoka ndani kadiri tairi linavyozunguka na kunyumbuka. Gari lisilotembea halipandishi kinga ya kutosha, na jua likiongezeka juu yake, ngozi ya nje hukauka na kuanza kupasuka. Kwako yamekutana yote: umri, jua la Dodoma ambalo kwa miezi mingi halina wingu, na dizeli. Dizeli huingia kwenye mpira, hulainisha ngozi yake na kuiondolea zile kinga. Baada ya siku chache tairi hupauka kuliko lilivyokuwa, kijana akapaka tena. Waambie kuanzia leo iwe maji na sabuni tu. Hata hizo dawa za kung'arisha, zile zenye asili ya mafuta ya petroli zina tabia hiyohiyo.

Habari ya tairi la akiba ndiyo iliyonifanya nisiafikiane na kaka yako. Lala chini ya bodi utazame tarakimu zake. Ikiwa ni 3820 au karibu na hapo, basi una tairi la mpira uleule na umri uleule, ambalo halikuona jua, halikubeba gunia na halikupakwa kitu, nalo ni zima. Haliwezi kuwa ushahidi kamili, maana halijawahi kunyumbuka barabarani, lakini mpira uliochanganywa vibaya kiwandani kwa kawaida haungesubiri jua ili uonyeshe ubovu wake. Sioni matairi feki hapa. Naona matairi ya kawaida yaliyopewa kazi isiyo yao.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya pikapu yako ya zamani na hii. Pikapu za zamani za kazi zilivaa matairi membamba na marefu ya ubavu, kama 205R16C, ambayo ile herufi C huyatambulisha kuwa ya magari ya mizigo. Yalikuwa magumu, yalitikisa watu, na yalidumu. Dabo kebini za siku hizi huuzwa pia kwa mtu anayetaka kwenda ofisini kwa raha, kwa hiyo nyingi hutoka kiwandani na matairi mapana ya lami, yaliyoundwa yawe kimya na yapunguze unywaji wa mafuta. Wakati huohuo injini zimeongezewa nguvu. Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.8 yenye gia za otomatiki ina msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa niutoni-mita 500 tangu ilipoboreshwa mwaka 2020, wakati ile ya lita 3.0 iliyoitangulia ilikuwa na 343 au 360. Msokoto huo wote huishia kwenye kashata za matairi, na kila dereva anapoondoka kwa pupa barabara ya kokoto, kashata ndizo zinazolipa. Nakuomba umwulize dereva wako pia kama huacha gia ya magurudumu manne ikiwa imeshikwa gari linapoingia kwenye lami kavu. Pikapu nyingi hazikuundwa kwenda hivyo kwenye lami, na tabia hiyo hula matairi yote manne kwa haraka.

Kuhusu madai, nitakueleza ninavyoona bila kukupa matumaini yasiyo na msingi. Kulika kwa mabega na kwa upande wa ndani hakuna atakayekulipa, na nadhani si haki kudai. Jibu la muuzaji kwamba dhamana ya gari haihusu matairi ni la kawaida, lakini halimalizi jambo, kwani matairi huwa na dhamana ya mtengenezaji wake mwenyewe, ambaye ana wakala. Nyufa zilizo chini ya mifereji, mbali na rimu, ni jambo linalostahili kuonyeshwa kwa wakala huyo. Piga picha za tarakimu, saizi na nyufa, zikiwa karibu na kwa mwanga wa asubuhi, chukua risiti ya gari na kumbukumbu za kilomita, kisha mpelekee kwa barua. Wakikubali, kwa desturi hupunguza bei ya tairi jipya kulingana na kashata zilizobaki, hawakupi tairi bure. Na kashata zako zimebaki chache. Ukiona umezungushwa bila jibu la maandishi, Tume ya Ushindani ina dhamana ya kumlinda mlaji na hupokea malalamiko. Ila usisubiri madai ndipo ununue matairi.

Yaliyotumika usinunue. Hujui yalibeba nini wala yalizungushwa na upepo kiasi gani, na uharibifu wa ndani hauonekani dukani. Nunua mapya, na kwa kazi yako tafuta yenye herufi C au LT, ambayo yameundwa kwa mizigo na yana ubavu mgumu. Namba ya uzito isiwe chini ya iliyo kwenye matairi ya sasa. Ya LT ya saizi yako huandikwa hata 120/117, maana yake kilo 1,400 kwa tairi moja. Lakini zingatia hili, kwa sababu wengi huharibikiwa hapa: tairi la LT hutaka upepo mwingi zaidi ili libebe uzito uleule, hivyo namba za zamani zisihamishiwe kwake kama zilivyo. Mwombe muuzaji jedwali la upepo na mzigo la tairi hilo. Gari likiwa tupu utasikia linagongagonga kuliko awali. Hiyo ndiyo gharama yake. Kabla ya kulipa, soma tarakimu za tarehe kwenye kila tairi, si moja tu, na uyakatae yenye zaidi ya mwaka mmoja au yaliyopangwa nje ya duka juani.

Upepo upimeni asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji yenu wenyewe, kwani geji za vituoni hutofautiana. Mlango wa dereva ukifunguliwa, kwenye nguzo kuna kibandiko chenye upepo wa matairi yaliyokuja na gari, na mara nyingi nyuma pana namba mbili: ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Msipunguze upepo safarini kwa sababu geji imesoma juu. Tairi likipata joto upepo hupanda, nalo limepangwa hivyo. Kuhakikisha, siku mmepakia mchore mstari wa chaki kukatiza kashata za nyuma, dereva asogee moja kwa moja mita chache kwenye lami, kisha mtazame. Chaki ikifutika mabegani tu, ongezeni upepo bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni; ikifutika katikati tu, punguzeni; ikifutika sawasawa, namba hiyo iandikeni ndani ya gari. Na kila kilomita 10,000 matairi yabadilishane nafasi, ya mbele na ya nyuma.

Hata matairi bora hayataokoa gari linalopakiwa kupita uwezo wake. Tafuta kwenye kitabu uzito linaoruhusiwa kubeba. Tuseme ni kilo 950: ukitoa watu watatu kwa kilo 210, zinabaki 740, ambazo ni magunia 11. Najua magunia manne kila safari ni faida inayobaki kijijini, nawe una msimu mfupi. Linganisha hata hivyo gharama ya safari za nyongeza na seti ya matairi kila baada ya kilomita 38,000, pamoja na springi, bushi na breki ambazo nazo zinabeba mzigo huohuo. Au kijana wa kupakia abaki kijijini siku za ununuzi, gari lichukue gunia moja badala yake.

Matairi ya zamani yakishatoka, yakate ubavu kwa msumeno kabla ya kuyatupa au kumpa mtu. Yakiachwa mazima nje ya ghala, yatapakwa weusi na kuuzwa kwa mwenye gari mwingine.